Kengele ya Kinmount

Wakubwa hawafi njiani. Hilo Eustache alilijua kabla hajajua kuandika jina lake, na asubuhi hiyo, mjukuu mikononi, hakuona sababu ya kubadili mawazo.

Walikuwa ndani ya jengo la wanamaji wa akiba, kando ya ziwa, mjini Toronto. Mkwewe Patrick, kijana aliyekulia mtaa wa Crescent Town, alikuwa mmoja wao, na sare yake ilipigwa pasi mpaka inakata. Mezani kengele ya shaba ilikuwa imepinduliwa, mdomo juu, imejaa maji. Ndiyo desturi ya wanamaji wa huku: mtoto wao hubatizwa katika kengele ya meli, kisha jina lake huchongwa kwa ndani.

“Mtoto anabatizwa kwenye sufuria,” Eustache alikuwa amenung’unika garini.

“Papa, anza tu,” binti yake Jolie alimjibu. “Ukinitia aibu leo, huyu mtoto utamwona kwenye picha tu.”

Jolie hakuwa na maneno mawili. Hiyo aliirithi kwa mama yake, marehemu Candide, na mtoto alikuwa apewe jina la huyo bibi yake. Lakini katika ukoo wa Eustache jina la marehemu halimshukii mtoto mpaka mwenzi wa huyo marehemu alitamke mbele ya watu. Asipolitamka, limezikwa. Kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa unangoja kinywa cha mzee mmoja.

Kwanza Patrick akasoma habari za meli ilikotoka kengele hiyo, Kiingereza kisha Kiswahili kwa ajili ya wazee. Kinmount iliundwa hapahapa Toronto wakati wa vita kuu ya pili. Kazi yake ilikuwa kufagia mabomu yaliyotegwa baharini, ili meli za mizigo zipite.

“Kazi yake ya mwisho vitani,” Patrick akasoma, “ilikuwa kwenye mlango wa bandari moja ya Ulaya. Iliufagia, kisha njia ikatangazwa kuwa safi...”

Eustache akamvuta mtoto kifuani. “Ishia hapo.”

Njia ni safi. Maneno hayohayo! Komanda mmoja aliyasema kwenye kizuizi, kule kwao, katika barabara ya kwenda mji wa Baraka, chupa ya bia mkononi: piteni, akina mama, njia ni safi, vijana wangu wameikagua. Candide akapanda gari na madumu yake ya mawese. Hawakufika hata kwenye kona. Komanda alikuwa bado amekaa pale kitini mlipuko uliposikika. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo.

“Nani alitangaza?” Eustache akauliza.

“Papa, tafadhali,” Patrick akanong’ona. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

“Muulize mkubwa wako. Tena usiyapunguze maneno yangu, Kiingereza nakisikia kidogo.”

Mkubwa wa kikosi, mama wa kizungu mwenye mvi zilizokatwa fupi, alisogea. Padri alishusha kitabu chake. Nyuma, Mama Asumpta wa kanisani kwao akashindwa kujizuia: “Shemeji, hapa si kwa chifu! Batiza tule, pilau linapoa.”

Jolie alikuwa amenyoosha mikono kumchukua mtoto, na macho yake yalisema kuwa akimchukua, ameondoka naye.

“Alitangaza nahodha wa Kinmount,” Patrick akatafsiri.

“Na yeye alikuwa wapi? Ofisini?”

Yule mama akamtazama mzee, akajibu polepole. Patrick akatafsiri.

“Anasema walikuwa na kanuni yao. Anayesema njia ni safi, anatangulia kuipita. Kinmount ilitangulia, meli za mizigo nyuma yake. Kulikuwa na bomu moja, lile la kuacha chombo cha kwanza kipite, na cha pili, halafu ndiyo liamke. Lilikuwa limezihesabu safari zao za kufagia, likaamkia chini yao. Meli ilivutwa hadi bandarini. Nahodha alikufa.”

“Kwa hiyo alikosea.”

“Alikosea,” Patrick akasema, baada ya mkubwa wake kuitikia kwa kichwa.

“Na wadogo? Wapishi, watu wa mashine?”

“Nao walikufa, Papa.”

“Wadogo hawakosekani kamwe kwenye vifo,” Eustache akasema kwa uchungu. “Nao hakuna aliyewauliza kama wanataka kutangulia.”

Lakini mikono yake ililegea kidogo. Mkubwa aliyekosea akiwa mbele! Wa namna hiyo hakuwahi kumwona. Akaitazama kengele, maji yake yametulia tuli, hayasemi kitu.

“Haya maji ni safi?”

Patrick akatafsiri, na yule mama akaitikia kwa kichwa.

“Basi atangulie,” mzee akasema.

Patrick akalitafsiri na hilo. Yule mama akavua glavu yake nyeupe, akakunja mkono wa koti lenye mistari ya dhahabu, akatumbukiza kiganja mpaka maji yakamfika juu ya kifundo. Akakiacha humo, macho kwa mzee.

Eustache akahesabu pumzi za mtoto kifuani mwake. Kisha akasogea, akakiinamisha kile kichwa kidogo juu ya kengele.

“Candide,” akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng’ambo ya barabara.

Padri akachota maji, akammwagia, na mtoto akapiga ukelele. Jolie akashusha mikono, akalia.

Mkubwa wa kikosi akamnyooshea mkono wa pongezi, bado unachuruzika. Eustache aliutazama. Hakuushika.

Ila alibaki pale, mpaka aliposikia patasi ya mchongaji imeanza.