Lita Moja Baada ya Kila Swala

Siwema alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni, mikono kiunoni, akatoa hukumu.

"Baba Ummy, mke mwenzangu amefariki. Azikwe."

"Hajafa. Amenuna," alijibu mumewe, Mzee Mrisho, bila kuweka chini kikombe cha kahawa. "Wewe ukinuna siku tatu, mimi nakuitia jeneza?"

Huyo mke mwenza alikuwa tumbawe laini, kiumbe cha baharini chenye umbo la uyoga mnene. Mpangaji wa ghorofa ya juu alipohama alimwachia Mrisho tumbawe hilo, pamoja na tangi, taa na pampu yake. Siku za mwanzo lilichanua, vinywele vyake vikicheza majini kama watu wa ngoma. Sasa mwezi mzima limejikunyata, rangi imekuwa ya kiatu cha mtumba kilichokosa mteja sokoni Mchikichini.

Siwema naye hakuwa mkorofi. Alitaka kuuza barafu za ubuyu. Friza ilikuwa inakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na katika vyumba vyao viwili vya Mtaa wa Msimbazi, mahali pa kuiweka palikuwa pale penye tangi.

"Ijumaa likiwa hivi hivi, namwaga."

"Na likiwa hai?"

"Likiwa hai nitaliona kwa macho yangu. Sitaki hadithi."

Alijua anazungumza na nani. Mrisho alikuwa fundi wa mizani Kariakoo miaka thelathini na minane, na mpaka leo humwambia yeyote mwenye muda kwamba aliwahi kupima uongo wa dalali mmoja wa Ilala: kilo mbili na robo, bila mfuko. Mtu wa namna hiyo haambiwi kitu kimekufa na mtu asiyekipima.

Na huduma aliitoa. Kila joto na feni vilipopunguza maji ya tangi, alikwenda Feri na galoni, akachota maji ya bahari, akajazia. Kitu cha bahari kipewe maji ya bahari, nani angebisha?

Jumatano, siku tisa kabla ya friza, alikuwa anasafisha kioo. Mkono wa kulia ulishika galoni ya maji aliyotoka kuyachota Feri, wa kushoto galoni pacha yake, imejaa maji ya tangi. Mkono wa kushoto ukalalamika uzito. Mkono wa fundi wa mizani haulalamiki bure. Akashuka nazo mpaka dukani kwa Chandu, muuza viungo wa chini ya jengo.

"Mzee Mrisho, siku hizi unauza maji?"

"Nachunguza kesi ya mauaji, Chandubhai. Ondoa bizari yako hapo kwenye mzani."

Chandu akapima ya kwanza, akapima ya pili. "Ya tangi imezidi gramu thelathini na tano."

"Mzani wako mbovu."

"Umeutengeneza wewe."

Chandu akaona huruma kidogo, si nyingi.

"Mke wangu Bharti akisahau mchuzi jikoni, maji yanakauka, chumvi inabaki. Sasa wewe kila mchuzi ukikauka, unaongeza mchuzi mwingine. Maskini huyo mdudu umemfanya achari!"

Mrisho alipanda ngazi polepole. "Mama Ummy," aliita kutoka mlangoni, "nimemkamata anayemtesa mke mwenzio."

"Nani?"

"Mzee mmoja mbishi wa humu humu ndani. Lakini bado hajashindwa."

Kuanzia hapo, baada ya kila swala alitoa lita moja ya maji ya tangi akaingiza lita moja ya maji matamu ya dukani, yasiyo na chumvi. Mara tano kwa siku, wala hakuzidisha, maana kubadilisha yote kwa mkupuo kungeliua tumbawe. Siku ya tano galoni mbili zilisimama sawa kwenye mzani wa Chandu.

Siku ya sita tumbawe likafunikwa na utando unaong'aa kama wa maziwa yaliyopoa.

"Linaoza," alisema Siwema.

"Linavua ngozi. Video zote za simu zinasema hivyo."

Akaigeuza pampu ili maji yalipepee. Vidole vilimwasha kuubandua utando ule. Akavifungia ndani ya msuli wake, akaenda kukaa mbali.

Ijumaa friza ikafika, imebebwa na vijana wawili wanaotweta ngazini.

"Shikamoo, mzee. Tupishe."

"Marahaba. Hapa hapapiti kitu," alijibu Mrisho, amelikinga tangi.

"Baba Ummy!" Siwema alimsogeza kwa kiwiko, akainama mpaka pua ikagusa kioo. Utando ulikuwa umechanika upande mmoja. Hapo penye mwanya, vinywele vilikuwa vimetoka, vinapepea.

"Saba," alisema.

"Jana vilikuwa vingapi?"

Siwema aliendelea kutazama mpaka wale vijana wakaanza kuguna. Cha nane kikachomoza mbele ya macho yake.

"Ipelekeni chumbani," aliwaambia. "Upande anaolala mzee."

"Itanguruma sikioni mwangu!"

"Ni saizi yako. Wote wawili hamnyamazi."

Mrisho akaingia chumbani mwenyewe, akasukuma kitanda ukutani, akapima kwa shubiri nafasi aliyobakiziwa: moja na nusu.

"Inatosha," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa Chandu. "Na likipona kabisa, nalikata kipande, naotesha la pili!"