Moto Uliohamia kwa Eduviges

Asubuhi hiyo Eduviges Longoria alikuwa akipasua kuni za miiba, mgongo umemkaza, na ng'ambo ya seng'enge gesi ya visima vya mafuta ikiungua bure juu ya bomba, moto wake mrefu kuliko mnara wa kanisa la San Roque. Kampuni ilitaka mafuta tu. Gesi iliyotoka pamoja nayo, kampuni iliichoma. Kwa mwanga ule usiku haukuingia San Roque, na mjukuu wake Librado, wa miezi mitano, hakuwahi kulala tangu azaliwe. Wala hakulia. Alitazama tu, macho mekundu, mwili ukimwisha.

Eduviges akatupa shoka, akaiendea seng'enge.

"Huoni haya, we?" akauambia moto. "Jitu zima unakesha bila kazi, mtoto wa watu anateketea! Njoo basi unipikie maharage."

Moto ukashuka bombani, ukavuka seng'enge, ukamfuata mpaka jikoni. Ukajikunja chini ya kikaango cha tortila, mikate ya mahindi, naye akaurudishia mlango wa jiko.

Mchana jirani yake Otila akaja kuomba kaa la moto, kama wafanyavyo wote mtaani.

"Shoga, leo umewahi kupika!"

"Nimepata msaidizi."

"Nimegee basi, usiwe mchoyo."

Eduviges akamkatia ulimi mmoja wa moto kwa koleo. Hadi jioni kila nyumba ilikuwa na ulimi wake, na giza likaingia San Roque. Kuku wakaparamia miti. Librado akapiga miayo, akalala, na Eduviges akalia kwa furaha mbele za watu.

Hata hivyo hakutulia. Kila gari likinguruma barabarani, alichungulia dirishani asije akawa mtu wa kampuni.

Wiki haikuisha, akafika Orville Teague, mkaguzi wa serikali ya Texas. Sheria mpya ilisema gesi isipotezwe, na visima vinavyoichoma vifungwe hadi kampuni ijenge mabomba ya kuisafirisha. Teague alikuta bomba limepoa, akaipongeza kampuni kwa kuhifadhi gesi. Kisha akasikia harufu ya maharage, akabisha hodi kwa Eduviges.

San Roque mgeni haondoki jikoni na koo kavu. Eduviges akafungua jiko mbele yake, akamchemshia kahawa. Mkaguzi akanywa hadi machicha.

"Kahawa tamu, bibi. Huu ndio moto wa kisimani?"

"Ndio huo, baba. Haupotei hata chembe."

"Hapo ndipo penye tabu," akasema, na kweli alisikitika. "Gesi ikitumika ni bidhaa, na bidhaa inataka kibali. Ikiungua kule, ni shauri: kampuni imeipinga sheria mbele ya baraza la serikali, na kuchoma kunaruhusiwa mpaka baraza likae."

"Kwa hiyo mimi nikipika ni kosa, wao wakichoma si kosa?"

"Sheria ni ya kuhifadhi gesi, bibi. Maharage haikuyataja."

"Na hilo baraza linakaa lini?"

"Mawakili wa kampuni wameomba muda."

Eduviges akaufungulia moto mlango. "Nenda, mwanangu. Ukibaki wataniletea askari."

Moto ukapita nyumba kwa nyumba ukikusanya ndimi zake, ukavuka seng'enge, ukapanda bombani. Kampuni haikunyang'anywa pongezi zake.

Jioni ile haikuwa na giza. Eduviges alisimama kati ya dirisha na kitanda, ametandaza shali kwa mikono miwili kuukinga mwanga, mpaka mikono ikafa ganzi. Alipogeuka, Librado alikuwa amefumbua macho, anamtazama.