Kimo cha Mama Mwalimu

Fundi alipiga magoti uani, pini nne mdomoni, akalifumua pindo la gauni la mama yake kwa mara ya tatu mwezi ule. Kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha. Jumapili gauni lilifika kwenye kifundo cha mguu. Leo Jumatano lilining'inia vidole vitatu juu yake. Alivuta tepu kutoka kiunoni hadi chini, akaandika namba kwa chaki pembeni mwa meza ya cherehani.

"Umeongezeka inchi mbili na nusu, mama."

"Jana nilimsamehe jirani."

"Kwani alifanya nini?"

"Amenunua friji."

Fundi alichomeka pini ya kwanza. Mama yake alikuwa mwalimu wa Darasa la Ukomavu wa Hisia, kanisani, kila Alhamisi alasiri, na kila aliposamehe mtu alirefuka. Ilianza siku aliyomsamehe katibu wa kwaya, hadharani, kwa kuwa na sauti nzuri kuliko yake. Washirika walipoona kichwa chake kimepita ubao wa nyimbo walisema Bwana asifiwe, kisha wakaendelea na matangazo. Kanisa hilo lilikuwa limehubiri kukua kiroho kwa miaka mingi bila kuwa na cha kuonyesha. Mchungaji akamkabidhi darasa wiki hiyohiyo, maana cheti mtu anaweza kughushi, lakini kimo hakighushiki.

Haikuwa lazima msamehewa awe amekosa. Mama Mwalimu, kama walivyomwita sasa, alimsamehe muuza mkaa kwa jinsi alivyomtazama. Alimsamehe mama mkwe wake, marehemu, kwa mambo ambayo marehemu hakuwa na nafasi ya kuyajibu, na hayo yalimpa inchi nne kwa mpigo. Wanafunzi wake aliwasamehe mmoja mmoja kabla ya kufungua daftari. Wote walirudi nyumbani wakijiona wakosaji bila kujua kosa lenyewe, na huko ndiko kulikoitwa kuguswa.

Fundi mwenyewe hakuwahi kuhudhuria darasa hilo. Alikuwa na sababu.

Miezi minane nyuma, jikoni, wakiosha vyombo, alimwambia mama yake jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na ile ya kwanza hata mume wake hakuijua. Mume alikuwa safarini, na Fundi akakosa maneno ya kumpokea nayo. Alimwomba mama asiseme. Mama alimkumbatia kwa mikono yake yenye povu. Jumatano iliyofuata, kwenye ibada ya maombi, mama alisimama akasema ana ombi kwa ajili ya binti yake, akalitoa ombi zima, na tarehe zake, ili watu wajue wanaombea nini. Mume wa Fundi alizisikia tarehe hizo kutoka kwa mwimbaji wa besi, kwenye foleni ya kinyozi. Hakugombana na mtu. Alisema msiba angeuweza, ila si kuupokea kwa kinyozi, akabeba sanduku lake akaenda.

Tangu hapo Fundi alingoja neno moja kutoka kwa mama yake: nisamehe. Maelezo hakuyataka. Maelezo, kanisa zima lilikuwa limeshayapata.

Neno hilo mama aliwahi kulisema mara moja, kwa bahati mbaya. Alimkanyaga mchungaji mguu mlangoni, na kwa urefu ule hakuwa mwepesi. Likamponyoka kabla hajafikiri. Pale pale akafupika inchi moja, hereni zikitikisika. Kanisa liliitisha siku tatu za kufunga. Mchungaji, akiwa amevaa kandambili kwa sababu ya uvimbe, alitangaza kwamba adui anamwandama mtumishi, kisha akamwomba mama msamaha kwa kuuweka mguu wake pale. Mama akamsamehe. Inchi yake ikarudi na nyingine juu yake. Mchungaji naye alipungua kidogo siku hiyo, lakini hakuna aliyejisumbua kumpima.

Baada ya hapo mama alikuwa mwangalifu. Alipomgonga mtu kwa kiwiko alisema "pole". Pole haimpunguzi mtu kitu, kwa kuwa hata mpita njia huweza kuisema. Fundi alikuwa amepewa pole nyingi sana na mama yake, asubuhi na jioni.

Alipopata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, mji wa mbali, alikubali siku hiyohiyo. Basi lilikuwa la Ijumaa asubuhi. Alhamisi, darasa lilipokwisha, alipeleka kanisani gauni la mwisho, alilolishona kwa mapazia mawili ya ukumbini na turubai la harusi. Mama Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya safu za viti, kichwa kikigusa kenchi za paa. Seremala alikuwa juu akibandua dari kwa mara ya pili mwaka huo.

"Niache nafasi kiasi gani, dada?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe kama amebakiza mtu wa kumsamehe."

Seremala akachomeka penseli sikioni, akasema basi ni afadhali abandue dari yote.

Fundi alipanda ngazi na tepu shingoni mpaka mdomo wake ukalingana na sikio la mama. Chini, washirika hawakuwa wameondoka. Walipenda kutazama anavyopimwa.

"Mama, kesho naondoka."

"Nimesikia. Pole na maandalizi."

"Nataka neno moja kabla sijaondoka. Na unalijua."

Mama alitazama sakafu, iliyokuwa mbali. Uso ulimshuka, na Fundi akaona kwamba kweli analijua, kwamba amelijua siku zote. Hilo lilimuuma kuliko yote. Miezi minane alikuwa akijidanganya kwamba labda mama haelewi.

"Nikilisema nitashuka," mama alinong'ona.

"Utashuka kiasi gani?"

"Hili si la kukanyaga mguu, mwanangu. Hili litanirudisha nilikotoka. Pengine chini ya hapo."

"Ulikotoka nilikuwa nakufikia. Sasa hivi kuongea na mama yangu lazima niazime ngazi kwa seremala."

"Na hawa je? Wanamtazama nani?"

"Mama, walimpoteza mume wao hawa? Nilimpoteza mimi."

Mama alifumba macho. Kwa kitambo alikuwa mama wa jikoni, mwenye povu mikononi, na Fundi alimpenda ghafla hata akaogopa. Aliiona midomo yake ikifunguka.

"Ni..." alianza mama.

Neno la kuomba msamaha na la kuutoa, yote mawili huanza hivyo. Fundi akaishika ngazi kwa mikono miwili. Mtu mmoja chini akakohoa, na mama akafumbua macho, akawaona wote walivyoinua nyuso zao kumtazama.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema, kwa sauti ya darasani. "Nimekusamehe kwa uchungu ulioniwekea moyoni muda wote huu."

Bega likampita Fundi usoni, kisha kiwiko, kisha kiuno. Mabati matatu yaling'oka, yakaangukia upande wa bustani ambako hakukuwa na mtu. Mwanga wa alasiri ukaingia ndani na kuonyesha vumbi la viti. Washirika walipiga makofi. Mchungaji alimwambia seremala kwamba paa jipya lijengwe kuzunguka kiuno, na liachwe wazi kidogo kwa ajili ya kupumua.

Fundi alishuka ngazi taratibu akilia, na ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mwanamke mmoja wa darasa alimpokea chini akampangusa mashavu kwa leso.

"Umesamehewa, dada. Unalia nini sasa?"

Fundi aliliangalia gauni. Lilikuwa limeshakuwa fupi. Alilikabidhi kwa mwanamke yule pamoja na sindano yake, akatoka.

Asubuhi basi liliondoka kwa wakati. Abiria wengine waliowapungia ndugu zao waliwapoteza kituoni palepale, kwenye moshi. Fundi aliendelea kumwona mama yake kwa kilomita nzima, kichwa na mabega juu ya paa la kanisa, amefunikwa turubai.

"Ni mtu wako yule?" aliuliza mzee wa kiti cha pembeni.

"Mama yangu."

"Mcha Mungu sana," alisema mzee. "Amekua hasa."

"Ndiyo."

Mama aliinua mkono. Kutoka mbali vile sauti haikuweza kufika, lakini mdomo ulionekana ukisema kitu, kitu kifupi, na Fundi, ambaye aliudharau moyo wake kwa kutumaini, aliegemea kioo ili aone vizuri. Akamwona mama yake akiongezeka shubiri moja. Akajua kwamba amesamehewa hata kwa kuondoka.