Siku Stanley Alipokataa Kuniahidi

Stanley alimpokea mtoto kama anayepokea sufuria ya uji wa moto, viwiko mbali na kifua, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Upepo wa Makambako ulitupiga usoni. Nikasubiri aseme maneno niliyoyasafiria toka Njombe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nimevaa gauni la rafiki yangu Erica, lililonibana kifuani kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha. Erica ndiye aliyenisuka. Alinihakikishia kwamba wasichana wa darasa letu kule Yakobi wananionea wivu, maana mimi nimeshapata wangu. Nikaamini. Tangu mimba initoe shuleni, thamani yangu yote nilikuwa nimeiweka kwenye siku ambayo Stanley angenitamkia ndoa. Hata nyimbo za kwaya nilishazichagua.

“Nimekuja tukae,” nikamwambia. “Huyu mwanao. Mimi mkeo.”

Alikaa juu ya gogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, analala chumba kimoja na wapasua mbao wanne.

“Feliciana, nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Kuwa mume sijui bado. Mtoto simkatai. Ila wewe ndiye uliyekuwa unanifundisha hesabu. Siku hizi wanaruhusu, rudi shule. Mama atamlea Kefa, nimeshamwomba.”

“Sema tu umeona sifai.”

“Ningeona hufai, ningekuambia ukae.”

Nililia njia nzima ya kurudi, na kwa miezi mingi sikutaka kusikia jina lake. Lakini Jumatatu iliyofuata mama yake, Mama Beatrisi, alibisha hodi kwetu akiwa na kanga ya kumbebea mtoto mkononi. “Wewe soma, mwanangu,” akasema. “Huyu tunaye.” Kila mapumziko alimleta Kefa hadi nyuma ya darasa, nikamnyonyesha huku Erica akinisomea maswali ya fizikia.

Sasa niko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, nafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja huko Kifanya. Mwezi uliopita Stanley alimleta Kefa kunisalimia. Ana mke sasa, Rejoice, aliyekuwa ametufungia viazi.

“Stanley, asante,” nikamwambia wakati wanaondoka.

“Ya viazi?”

“Ya siku ile kwenye mbao.”

Aliinama kumfunga mtoto kamba za viatu, akazifunga polepole sana, kisha akazifungua na kuanza upya.