Mkono Haukupewa Talaka

Bwana aliyemtaliki Mama Keki alikuwa mtu mwenye haya nyingi, ila zote alizihifadhi kabatini zisije zikachakaa. La sivyo, angempelekaje mchumba wake mpya, mji mzima una waoka keki, mpaka kwa mke aliyemwacha? Tena bila kumwambia binti wa watu kwamba huyo ndiye.

"Amesema hakuna anayeandika vizuri kukuzidi," bibi harusi alisema, meno yote nje.

Lo! Miaka yote ya ndoa bwana yule hakuwahi kusifia hata chai. Mama Keki akajikaza kisabuni. Bora afe kuliko yule bwana apelekewe habari kwamba bado anamuuma.

Keki ilikuwa tayari imepakwa krimu nyeupe. Akajaza krimu nyekundu kwenye mfuko wake wa kuandikia, akausokota juu, akashusha pumzi. Herufi za kuunganisha hazitaki akili. Ukianza kufikiri tu, mstari unatetemeka. Unalegeza bega, kiwiko kinafuata, na mkono unakwenda wenyewe. Basi akaulegeza.

Jina la bwana harusi likateremka bila kukatika, mkia wa mwisho ukajikunja kwa maringo. La bibi harusi likafuata likichechemea, herufi moja huku, nyingine kule, kama watu waliogombana kwenye foleni.

"Mama Keki, mbona lake zuri hivi, langu limekaa kama tangazo la chooni?"

"Krimu imegoma, mdogo wangu."

Akakwangua, akarudia. La bwana harusi likapendeza zaidi. Akakwangua tena, na safari hii akakusudia kabisa kuliharibu. Wapi! Mkono ulipanda palepale, ukapinda palepale, kama ulivyojizoeza kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya shule, wenzake wanapiga hesabu, yeye anaandika jina la mvulana mmoja mpaka wino unamwishia. Mazoea yana taabu. Talaka ilipita kwa wazee, ikapita mahakamani, ikagongwa mihuri, na hakuna aliyekumbuka kuutaarifu mkono.

"Unamfahamu?" bibi harusi akauliza. Meno yalikuwa yamerudi ndani.

"Nani, huyu? Jina lake nimeliandika kwenye keki mpaka nimechoka. Lako ndilo adimu. Hebu kaa hapo, nilizoee."

Akatandaza karatasi ya kuokea, akaanza kulifanyia mazoezi jina la mke mwenzake, tuseme hivyo. Kuna wanawake wamepewa adhabu, lakini hii! Aliliandika, akalirudia, akalirudia tena, mpaka bega likalegea na herufi zikaanza kushikana mikono. Kila lilipozidi kupendeza, roho ilizidi kumuuma, kwa sababu alikuwa anamkabidhi mume kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye keki, akayaandika yote mawili kwa pumzi moja. Hakuna ambaye angejua lipi la zamani na lipi la leo.

Bibi harusi akapiga makofi, akamkumbatia na aproni yake yenye krimu. Mama Keki akacheka naye.

"Sasa niandikie na lako hapa kwenye karatasi, nikawaonyeshe rafiki zangu. Lako kabisa, siyo hili la Mama Keki."

Ombi dogo hilo. Fundi akachukua mfuko kwa madaha, akalegeza bega, akasubiri mkono uende. Haukwenda. Ukasogea kidogo, ukasita, ukaacha bonge la krimu, ukarudi kuuliza njia. Lilipokwisha, jina lilikuwa limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza. Katika madaftari yote yale, hakuwahi kuliandika ila juu ya jalada, tena kwa haraka.

Bibi harusi akainamisha kichwa kulisoma.

"Hili ndilo jina lako?"

"Ndilo," Mama Keki akasema. "Hatujazoeana."