Nyumba ya Mwisho kwenye Laini

Shemeji yangu simpendi, na sikuanza leo. Ni mdogo wa mke wangu, anafunga sola, na mtaa mzima unamwita Bwana Jua. Mimi ni fundi wa laini wa shirika la umeme, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimepanda nguzo mpaka magoti yamegoma kunyooka. Halafu anatokea mtu wa juzi na ngazi ya kukunja, anapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba shirika langu limechoka.

Na watu wanamsikiliza, hilo ndilo linaloniuma. Kinu cha kusaga kimeweka paneli, shule imeweka, hata fundi cherehani wa pale kona ana paneli moja juu ya bati. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika kwa ratiba na bila ratiba, majirani wananitazama mimi kana kwamba nimeuficha chumbani.

Siku niliyomkuta juu ya paa langu mwenyewe ndiyo siku nilipoanza kuharibu kila kitu. Nasema hili mapema ili usije ukanihurumia bure.

Mke wangu alikuwa amemwita bila kuniambia. Paneli nne zilikuwa zimeshakaa, betri na inveta ya kuugeuza umeme wake utumike nyumbani ziko sebuleni kando ya kabati la vyombo. Nilisimama uani na sare ya shirika, majirani wanachungulia, nikamwambia ashuke kabla sijaiondoa ngazi.

"Shemeji, imebaki swichi ya kubadilishia tu," akasema. "Nusu saa, nimemaliza."

"Shuka!"

Akashuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Basi usiiwashe inveta mpaka nirudi. Bila ile swichi, umeme wa betri unatoka humu ndani unaingia kwenye laini. Utaua mtu."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi umeme?"

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno.

Wiki mbili nilikaa na mgao huku betri imejaa inanitazama. Kumrudisha yule? Thubutu! Nikachukua waya, nikaunganisha mwenyewe kutoka kwenye inveta hadi soketi ya ukutani, taa za nyumba nzima zikawaka. Ubaya wake naujua. Nimewahi kuwafokea watu kwa jambo hilo hilo. Kwangu nilijiwekea sharti kwamba kabla ya kuwasha inveta nitazima kwanza swichi kuu, ili nyumba ijitenge na laini. Mtu wa kawaida angesahau, nikajiambia, mimi ni fundi.

Alfajiri ya Jumanne upepo ukaangusha mti juu ya nyaya, hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Umeme ukakatika. Nikawasha inveta nipate kuvaa, simu ya kazini ikaita, nikatoka mbio. Swichi kuu sikuizima.

Kazini niko na mwenzangu mmoja, tunamwita Twiga kwa sababu ni mfupi kuliko wote. Miaka kumi na tisa tumekula pamoja vumbi na mvua. Tuna utaratibu wetu. Mmoja anachomoa fyuzi kwenye transfoma na kuzitia mfukoni mwake, asije mtu akazirudisha. Kisha anapaza sauti, "Imekufa!" Anayepanda anaitika, "Imekufa!" ndipo anapanda. Kitabu cha shirika kinataka pia waya upimwe kwa testa kabla ya kushikwa, lakini testa yetu ilikuwa inalala kwenye gari. Twiga aliwaambia mafundi wengine kwamba testa yake ni mdomo wangu, na mimi nilivimba kichwa.

Asubuhi ile fyuzi zilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema imekufa, akaitika, akapanda. Waya ulikuwa umekatika upande wa transfoma, na kipande kilichobaki kilihudumia nyumba mbili tu. Moja imehamwa. Nyingine, ya mwisho kwenye laini, ni yangu. Maisha yangu yote ya kazi umeme umetoka upande mmoja, kwa hiyo hata haikunijia akilini kutazama upande wa pili. Twiga aliushika waya kabla hajafunga mkanda. Alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza, akaanguka hadi chini.

Nyonga imevunjika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa. Hatapanda nguzo tena.

Siku ya tatu meneja akaniita ofisini, akafunga mlango na kunisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba fundi wa sola alifunga mfumo bila swichi ya kubadilishia, akauacha ukiwaka, mwenye nyumba hana habari.

"Weka sahihi," akasema. "Leseni yake inafutwa, polisi wanamchukua, na sisi tunapata la kuwaambia hawa wanaotukimbia. Viwanda vitatu vimejitoa mwaka huu, unajua?"

"Najua, bosi."

"Na ukweli mwingine wowote, kama upo, unakufukuzisha kazi wewe. Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Niletee kesho."

Jioni nikamkuta shemeji sebuleni kwangu, na hakusimama kunisalimu.

"Nasikia kuna karatasi. Utasaini?"

"Sijasaini."

"Sijakuuliza hilo."

Mke wangu akatoka jikoni, mikono inamchuruzika maji. "Mimi nilikuwepo," akasema. "Ukisaini, nitakwenda kwa hakimu niseme nilichosikia, na nitakuwa nakutazama usoni."

"Utasimama kinyume cha mumeo?"

"Jeuri yako imempeleka mwenzio hospitali. Sasa unataka impeleke ndugu yangu jela. Mume gani huyo?"

Nikawaambia watoke nyumbani kwangu. Hakuna aliyesogea. Shemeji aliendelea kunitazama tu, hana hata hasira, na nikamchukia zaidi kwa sababu haki ilikuwa yake. Nililala kwenye kochi, viatu mguuni.

Asubuhi nikapitia hospitali kwanza, karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeshapanga: Twiga ndiye aliyeumia, yeye akiniambia nisaini, nasaini na dhambi inakuwa ya wawili. Nilimkuta amelazwa chali, mguu umening'inizwa, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni.

"Huyo Bwana Jua wako," akasema hata kabla sijakaa, "nikisimama nitamvunja miguu kwa huu mkono uliobaki. Meneja amenieleza. Saini hiyo karatasi, kaka. Na usijilaumu. Ungejua kuna umeme nyumbani kwako usingesema imekufa."

Ruhusa niliyoitaka ndiyo hiyo, nimepewa hata bila kuomba. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani ile ile ya chini ya nguzo, na ikanishinda.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

Nikamweleza yote, ngazi, waya, soketi, onyo la shemeji pale mlangoni. Nilipomaliza aligeuza uso ukutani.

"Siku nne," akasema. "Siku nne unaniletea machungwa. Unanimenyea, unanitia mdomoni, huku unaniacha namtukana mtu asiye na kosa."

"Ndugu yangu..."

"Ungeniambia siku ya kwanza kwamba umesahau, ningekusamehe. Kila mtu anasahau. Toka."

"Twiga, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka kumi na tisa. Toka!"

Nikatoka. Koridoni nikasimama kando ya ukuta. Nikaitoa karatasi ya meneja, nikaigeuza upande usioandikwa, nikaibana ukutani kwa kiganja cha kushoto. Nikaanza na lililo rahisi: jina langu kamili na namba yangu ya kazi. Chini yake nikaandika kwamba waya ule niliuunganisha mimi.

"Mzee, unaziba njia!" muuguzi akanifokea, anasukuma kitanda cha magurudumu.

Nikamwambia apite pembeni, bado sijamaliza.