Msiba wa Kapibara

Viatu vilijaa ukumbini mpaka mlango wa mbele ukawa unafunguka nusu. Watu waliingia ubavu-ubavu, sufuria mbele, makoti yanachuruzika maji, wakinong'ona "poleni, poleni" kwa yeyote waliyemkuta njiani. Jikoni kwangu wanawake walikuwa wameshaanza kumenya vitunguu, na visu walivijua viliko bila kuniuliza. Nami, Mungu anisamehe, moyo ulikuwa unanifurahi kidogo, maana nyumba iliyojaa watu ndiyo dawa yangu ya London, hata siku iliyojazwa na kifo.

Mfiwa alikuwa Protas, mpangaji wangu wa chumba cha juu. Alikaa kwenye kochi katikati ya wazee, mikono magotini, anapokea pole bila kuinua macho. Hakuna aliyemwuliza nani amekufa. Kwetu mfiwa hahojiwi. Unamkuta mtu analia, unabeba mchele kwanza; jina la marehemu utalikuta hukohuko msibani.

Jedidah ndiye aliyemwona. Huyu ni nesi wa Kikenya wa nyumba ya pili, macho makali na mdomo mwepesi kama wangu, ndiyo maana tunapatana. Jumapili ile asubuhi alimkuta Protas kwenye kizingiti chetu, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, simu imemlegea mkononi, analia kwa kwikwi. Akamshika bega, akamwuliza kuna nini. Hakujibiwa. Basi, Jedidah angojee nini tena? Kabla misa haijaisha, habari ilikuwa kwenye grupu kwamba Protas amefiwa, na watu wa Wembley walishapanda treni kuja kwetu Thornton Heath.

Nikiwa nachambua mchele nilikuwa nawaza moja tu: ni mama yake.

Mama yake nilimjua kwa sauti. Alikuwa akipiga simu kutoka Muleba, na mwanawe asipopokea, ananipigia mimi. "Gladness mwanangu, huyu kijana ataoa lini? Au ataoa huyo panya?" Tunacheka wote wawili, halafu anashusha sauti. "Mwambie Krismasi hii aje." Namwambia. Protas anajibu, "Mwakani, dada. Mwakani nimemaliza."

Panya mwenyewe alinionyesha wiki aliyohamia, nilipomwuliza anasomea nini. Alinipa simu, nikaona mnyama mwenye kimo cha mbuzi, hana mkia, kajikalia majini kama mzee aliyeshiba asiyedaiwa na mtu. "Kapibara," akasema. "Wako Amerika ya Kusini. Nachunguza wanavyoitana." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto wa Kihaya, kazaliwa pembeni ya ziwa lenye viboko wake, anavuka bahari kufuata panya wa Brazili! Hakukasirika. Aliweka kompyuta yake juu ya meza yangu, kati ya bamia na nyanya chungu, akanisikilizisha. Mlio mdogo, mkavu, tik, tik, kama kucha inagonga bakuli.

"Huo ni wa kusema nipo hapa, wewe uko wapi. Mmoja akipotezana na wenzake, analia hivyo mpaka ajibiwe."

"Na asipojibiwa?"

"Anaendelea."

Kila mwaka alikwenda kwenye mabwawa yao, anarudi amekonda, kaumwa na mbu, ana furaha ya mtu aliyetoka kwao. Kundi lake lilikuwa moja, lilelile. Alijua nani kajifungua, nani kafukuzwa na dume, nani anapenda kulala kichwa kaegemeza kwa mwenzake. Umbea wa wanyama alikuwa nao mwingi kuliko wangu wa binadamu, na mimi si mtu wa kushindwa hivihivi.

Sasa turudi sebuleni. Chai ilishazunguka, pilau limefunikwa. Mzee Titus, katibu wa jumuiya yetu, akasimama na rozari mkononi, akakohoa.

"Bwana Protas, pole sana. Tuko hapa kwa ajili yako. Tupe jina la marehemu, tumtaje kwenye sala."

Protas aliinua uso kwa mara ya kwanza. Nadhani ndipo alipotuona, umati wote ule, wengine wamesimama mpaka kwenye ngazi.

"Hawana majina, mzee."

"Hawana majina namna gani?"

"Profesa wangu alikataza. Alisema ukimpa mnyama jina, utaanza kuona vitu ambavyo havipo. Wana namba tu."

Chumba kizima hakikuelewa. Akaeleza, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Mvua zilikosekana kule. Mabwawa yakakauka, moto ukaingia kwenye majani, ukapita hata chini ya udongo. Mwenzake wa Brazili alimpigia asubuhi, akamtumia picha. Tapiri, mnyama wa kule mwenye pua ndefu, amesimama hana pa kukanyaga, nyayo zimeungua. Wala-sisimizi wakubwa wamelala ubavu kando ya njia. Na kundi lake lote, wakubwa kwa wadogo, wamebanana kwenye tope lililobaki la bwawa lao.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba wakiogopa hukimbilia maji yao yaleyale," akasema. "Nilisifiwa sana kwa hilo. Wamekimbilia. Maji hayakuwepo."

Halafu mlangoni mwa jikoni mtu akaponyokwa na kicheko, kidogo, kama aliyepaliwa. Cha pili kikatokea kwenye ngazi. Mzee Titus akaikunja rozari, akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo hapa hakuna maiti."

"Wapo, mzee."

"Nimeacha shifti yangu, kijana."

Jedidah alikuwa amejishika mashavu. "Si ungeniambia tu, Protas. Mimi nimeita watu mpaka Wembley."

Pilau lililiwa, chakula hakitupwi. Lililiwa kwa utani. "Mpeni mfiwa mnofu." "Hakikisheni kwanza si ndugu yake." Protas alikula alichowekewa, mpaka punje ya mwisho, kisha akasimama mlangoni akamshukuru kila aliyekuwa anatafuta kiatu chake. Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

Kisa kilitembea. Wiki ile ile kilikuwa Edgware Road, kinasimuliwa kwenye mikahawa kwa mikono miwili, na Protas akawa Mfiwa wa Panya. Chuo kilimwandikia pole ya mistari miwili, kikauliza kama data ziko salama. Ziko salama. Sauti zote anazo. Akaacha kusafiri, akaacha kushuka kula na sisi Jumapili. Tulimzoea hivyo, kama unavyozoea bomba linalovuja.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye sherehe ya ubatizo Wembley, nimekaa na Restuta, ambaye alikuwa ametoka Muleba siku zilezile. Katikati ya maongezi akaniuliza, "Protas anaendeleaje? Mama wa watu tulimzika vizuri, ila mwanawe tulimkosa."

"Mama wa nani?"

Akanitazama. "Hamkuambiwa? Mwezi unaisha sasa."

Sikumaliza keki. Nilipanda ngazi zangu bila kuvua koti. Chumba kilikuwa nadhifu, mapazia wazi. Protas alikuwa mezani, kompyuta mbele yake.

"Protas. Mama amefariki, unakaa juu ya kichwa changu mwezi mzima? Kwa nini hukutuambia?"

Hakugeuka upesi. Alipogeuka, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mlishakuja, dada."

Nilishuka. Nilitoa chini ya sinki lile sufuria langu la misiba, nikalifuta vumbi, nikashika simu nifungue grupu. Nikaona watakavyosoma. Nikaona atakayetangulia kuuliza, safari hii ni mnyama gani. Nikaiweka simu kifudifudi, nikalirudisha sufuria mahali pake.

Nikabandika lile dogo, la watu wawili. Juu ya dari mlio ulikuwa umeanza, tik, tik, kisha kimya kirefu cha kungoja, kisha tik.